Vali Isiyotulia

Tabibu mmoja kijana, msomi tena mwenye adabu, aliponikuta nimekunjua utepe wa karatasi uliosawijika kwa miaka, alisema, "Shikamoo, mzee. Hii mistari ni ya tetemeko la ardhi?" Nikatambua kwamba elimu niliyoitumikia ujanani imekwisha kuwa ngano.

Katika miaka ya 70 nilikuwa London, mtumishi wa chumba cha kupimia moyo, chumba chenye harufu ya spiriti na ya mashine iliyopata moto. Na mkubwa wetu, Mwingereza mchache wa maneno, alikuwa na desturi ya kumlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, akampaka kifuani mafuta ya baridi, kisha akautafuta mwanya baina ya mbavu kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, na akiupata huzuia pumzi zake yeye mwenyewe, kana kwamba ndiye apimwaye. Hapo utepe huanza kutoka. Mstari wa vali ya mitrali, ambao kwa mtu mzima wa afya hutulia moyo unapojikaza, kwa mwenye ukuta wa kati ulionenepa huinuka ghafla, ukaugusa ukuta ule, na kuiziba njia ya damu iendayo mwilini. Kisha mkubwa wetu humwamuru mgonjwa azibe pua na kinywa, ajikamue. Na kilima cha mstari ule huzidi kupanda.

Tarehe nimezihakiki: mwaka 1958 Donald Teare, mpasuaji maiti wa London, alieleza mioyo ya namna hiyo aliyoikuta kwa vijana, na mwaka 1969 mwendo huo wa vali ukaelezwa kwa mawimbi ya sauti. Tuziache. Linalonikaa moyoni ni habari ya Andrew Morrow wa Marekani, bingwa wa kuukata ukuta ule, ambaye naye alikuwa na maradhi hayo hayo, yakamfisha mwaka 1982.

Tulifundishwa kwamba vali ile hufyonzwa kuelekea ukutani na kasi ya damu; baadaye ikabainika kuwa aghalabu husukumwa kutoka nyuma, mfano wa tanga lishikwalo na upepo. Zikaja picha za rangi za mwendo wa damu. Mwaka 1994 tabibu wa moyo Ulrich Sigwart akaanza kuudhoofisha ukuta kwa alkoholi. Mwaka 2022 Marekani ikaidhinisha dawa ya maradhi haya, mavacamten.

Kinachoniudhi ni kuona siku hizi mgonjwa anapimwa amelala, ikaandikwa "hakuna kizuizi", ilhali takriban thuluthi ya wagonjwa hawa kizuizi chao hakidhihiriki mpaka wasimame, wajikamue, au wafanye mazoezi. Na kumsimamisha mtu hakuhitaji mashine mpya wala fedha.