Farasi Alikula Karo Yangu

Wasee wa Lodwar, leo sina tip. Nataka kuwaambia vile farasi nisiyewahi kumwona alikula karo yangu ya chuo.

Ilikuwa Juni, nimemtembelea binamu yangu Kakuma. Kwa simu nikapata Wokingham Stakes, mbio za Ascot, Uingereza, zilizoanza 1813. Ni mita 1,200 hivi, farasi zaidi ya 20, na dakika moja na nusu haiishi kabla mshindi ajulikane. Ni mbio za hendikapu: farasi mkali anabebeshwa uzito zaidi, dhaifu anapunguziwa, ili wote wawe na nafasi. Hata pale Ngong Racecourse, Nairobi, iliyofunguliwa 1954, kuna mbio za aina hiyo.

Nikajiona mjanja. Nikasoma washindi wa miaka iliyopita: umri, uzito, geti walikotokea. Nikaweka elfu tatu. Farasi wangu hata kamera haikumshughulikia.

Kuna mambo mawili sikuwa nimeelewa. Kwanza, farasi akishinda leo, kesho anaongezwa mzigo. Yaani hendikapu yenyewe iko hapo kuharibu ile rekodi unayoifuata. Na hizo takwimu, mwenye kupanga odds alizisoma kabla yako.

Pili, hesabu. Chukua farasi watatu walio sawa kabisa. Odds za haki ni 3.00 kwa kila mmoja. Kampuni inakupa 2.50. Ukiweka mia kwa kila farasi, umetoa 300, na yeyote akishinda unarudishiwa 250. Hamsini imeenda kabla geti lifunguliwe. Sasa fanya hivyo kila wikendi.

Niliporudi Lodwar nilimwambia nyanya ukweli wote. Yeye ana punda wa kubebea maji huko Kanamkemer, mambo ya mizigo anayajua. Nikamweleza vile farasi dhaifu hupunguziwa. Akasikiza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe, mjukuu wangu, walikupunguzia nini?"

Nilinyamaza. Mimi sina kazi, kampuni ina kila kitu, na bado mzigo niliubeba mimi.

Binamu alinikopesha karo. Namlipa mia mia, bado sijamaliza. Kama uko na karo kwa simu saa hii, ilipe kwanza. Halafu ndio tuongee farasi.