Pakacha la Mchukuzi

Kuvuja kwa pakacha, walinena wahenga, ni nafuu ya mchukuzi. Pale Likoni, kwenye mteremko uelekeao feri, methali hiyo ina wenyewe. Mmoja wao ni mzee aliyesukuma mkokoteni wa viazi na makabeji kwa miaka mingi. Alipoanza kuhema kwa safari fupi, na miguu kumvimba, hakushtuka.

"Ni kazi tu. Moyo umechoka," aliwaambia jamaa zake.

"Baba, kazi peke yake haiuchoshi moyo hivyo," alisema bintiye, mwanafunzi wa sayansi aliyekuja likizoni.

"Wewe mwanangu hujaushika mkokoteni huu."

Neno la mzee lilikuwa na uzito, lakini elimu nayo ina lake. Mwaka 1953, Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London: makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima waliugua maradhi ya mishipa ya moyo kwa nadra kuliko madereva waliokaa. Mwaka 1975, Ralph Paffenbarger alieleza jambo kama hilo kuhusu makuli wa bandari ya San Francisco, ambao kazi yao haikuwa mbali na ya makuli wa Kilindini. Hata hivyo, tafiti za baadaye, hasa za Denmark, zimeonya kwamba kazi nzito isiyo na pumziko haileti faida ya mazoezi.

Siri imo katika protini. Msuli wa moyo hujikaza nyuzi za mayosini zinapovuta nyuzi za aktini, nayo titini, protini kubwa kuliko zote mwilini, huurejesha kama kamani. Mzigo uendao na kurudi huujenga moyo. Shinikizo la damu lisilolala usiku wala mchana huzifanya kuta zake zinenepe, zikakamae, na hatimaye zilegee. Msuli ukijeruhiwa, troponini, protini iliyogunduliwa na Setsuro Ebashi na wenzake huko Japani katika miaka ya 1960, huvuja na kuingia katika damu, ambako daktari huweza kuipima. Hapo pakacha limevuja, lakini mchukuzi hana nafuu, ameonywa.

Mzee alikubali kwenda zahanati shingo upande. Alipopimwa, presha ilikuwa imepanda kupindukia, na huenda ilikuwa hivyo kwa miaka mingi bila kujitangaza. Kumbe mkokoteni ulikuwa umebebeshwa lawama za mwingine, na lawama hizo ndizo zilizomchelewesha kutibiwa.

Sasa humeza vidonge kila asubuhi, amepunguza chumvi, na mkokoteni amemwachia mpwawe. Jioni huketi juu ya mteremko akiwatazama vijana wakishuka na mizigo. Yeyote asimamaye kufuta jasho karibu naye hukutana na swali moja: "Presha umepima?"