Galbet na Manowari za Unguja

Mtu wa Lamu au Mombasa afikapo Galbet, kata ya mji wa Garissa, hutafuta upepo wa bahari akaukosa. Hukuta vumbi, migunga, mbuzi njiani, na chai ya maziwa ya ngamia ambayo akina mama wa kwetu huionja kwa tahadhari, kisha wakaomba kikombe cha pili. Maji ya karibu ni Mto Tana, upitao ubavuni mwa mji kwa rangi ya udongo ukiteremkia Kipini.

Hata hivyo, wafugaji wa Kisomali wa nchi hii iliyo kati ya Tana na Juba walikuwa na mlango wao wa baharini, nao ni Kismayu. Na kwa muda mrefu mlango huo ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Unguja, ambaye enzi yake ilibebwa na merikebu.

Sayyid Said bin Sultan alikuwa na jeshi la majini la kutajika. Manowari yake Liverpool, yenye mizinga 74, iliundwa Bombay, naye akamtunuku mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Merikebu yake Sultana ilifika New York mwaka 1840. Lakini mizinga haipandi nchi kavu. Mwaka 1845 alipeleka jeshi kuushambulia Siyu, mji mdogo wa kisiwa cha Pate. Likashindwa, na amiri wake akauawa huko. Ikiwa Siyu, mwendo mfupi tu kutoka pwani ya pili, ilimshinda hivyo, wafugaji wa bara wangemwogopea nini?

Kisha ikaja tufani ya Aprili 1872, ikazivunja merikebu za Sayyid Barghash katika bandari ya Unguja. Hasara hiyo, kwa maoni yangu, haijapewa uzito wake katika historia tunayowasomesha watoto. Mwaka 1875 manowari za Misri ziliingia Barawa na Kismayu, na Barghash hakuwa na chombo cha kuzitoa. Ilimlazimu kuwategemea Waingereza, ambao walimshurutisha Khedive Ismail kuyaondoa majeshi yake. Mwenye kulindiwa mlango na jirani hana budi kumpa jirani ufunguo.

Bei ya ufunguo huo ilionekana mwaka 1886, pale Waingereza na Wajerumani walipoipima milki ya Sultani kwa maili. Bara pwani alikubaliwa ukanda wa maili 10 tu. Huko kaskazini, Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu zilipewa duara la maili 10 kila mmoja, na Warsheikh maili 5. Watu wa bara na malisho yao hawakuulizwa. Merikebu Glasgow, ambayo Barghash aliiagiza Uingereza baada ya tufani, ilizamishwa na manowari za Waingereza wenyewe tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa moja. Milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji mbele ya mji kwa miaka mingi.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Juba pamoja na Kismayu, kuwa malipo ya kuwaunga mkono katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka ukakata malisho na koo. Garissa ikabaki Kenya, na mlango wake wa baharini ukawa ng'ambo.

Jeshi la Majini la Kenya lilianzishwa Desemba 1964, na makao yake ni Mtongwe, Mombasa. Mwishoni mwa Septemba 2012 meli zake ziliteremsha askari katika ufuo wa Kismayu, kuutoa mji mikononi mwa Al-Shabaab. Safari hii manowari zilitoka kusini tena, kama zama za Barghash, ila bendera ilikuwa nyingine.

Mpaka wa nchi kavu ulikuwa umefungwa rasmi tangu mwaka 2011. Ng'ombe wa ng'ambo bado huonekana katika soko la mifugo la Garissa, lililo miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki, kwani mnyama hafuati sana amri za serikali. Ama mama wa Galbet mwenye dada yake Kismayu, yeye humsalimu kwa simu, wakaulizana habari za mvua na watoto.