Tundu la Pili

Mjomba wangu akinipigia simu, huwa naiweka mbali na sikio. Anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, na baada ya salamu huuliza swali lile lile mara mbili, kwa sababu jibu la kwanza halikumfikia. Nyumbani wanasema ni uzee. Ana miaka 54. Sehemu ya uzee huo niliitoboa mimi, kwa drili.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikisubiri kwenda chuo. Nilikaa kwake Mbalizi. Alikuwa na chenso moja, msumeno wa mnyororo alioununua kwa mtu, na wateja wake walikuwa Umalila, ambako familia nyingi zina kishamba cha misindano au milingoti. Tulipanda huko alfajiri, tukashuka jioni na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Tulilipwa kwa idadi ya miti, kwa hiyo kasi ndiyo ilikuwa pesa.

Nilikuwa nimeona kwenye simu mafundi wa nje wakitoboa ekzosi za misumeno yao, na mimi nilisoma PCM, hoja yao iliniingia. Ekzosi ya chenso ni kisanduku cha chuma: moshi huingia kwa mlango mpana na kutokea kwenye tundu dogo. Katika injini ya midundo miwili, moshi hutoka na mchanganyiko mpya wa petroli na hewa huingia karibu kwa wakati mmoja. Moshi ukichelewa, mchanganyiko mpya unakosa nafasi. Panua njia ya kutokea, injini inapumua.

"Mjomba, mashine hii imekabwa koo," nilimwambia.

Akanipa bisibisi. "Ukiiua, utakata kwa shoka."

Niliifungua ekzosi, nikatoboa tundu la pili, nikalilainisha kwa tupa na kupangusa chembe zote za chuma zisije zikaingia kwenye silinda. Wavu wa kuzuia cheche niliuona kikwazo, nikautupa. Kisha nikalegeza kidogo skrubu ya petroli kwenye kabureta, maana hewa ikizidi lazima na petroli iongezwe. Usipofanya hivyo injini hubaki na njaa. Na kwa kuwa oili yake imo ndani ya petroli hiyo hiyo, mililita 20 kwa kila lita, njaa hiyo ni ya oili pia, na pistoni hukwaruzika hadi ikakwama. Hapo sikukosea. Mashine haikufa.

Ilinguruma. Watoto walikuja mbio kuitazama. Mjomba aliingiza mnyororo kwenye msindano, akacheka peke yake. Shamba la siku sita tulilimaliza kwa siku tano.

Lakini kabla ya tundu lile alikuwa amenifundisha jambo moja: mti hulia kabla ya kuanguka. Nyuzi za ndani hukatika moja moja, ka, ka, na mkataji hupunguza moto ili asikilize. Sasa hata moto ukipungua, mashine ilibaki ikibweka. Taratibu aliacha kusikiliza.

Ilikuwa Septemba, nyasi zimekauka, tukikata mlingoti uliokuwa umeoza upande mmoja. Nilikuwa nimesimama mbali, nikausikia ukilia, nikaona kilele kinageukia upande usiotarajiwa. Nikaita. Yeye alikuwa ameinama, mgongo kwangu. Nikaita tena. Nikaokota gogo dogo, nikamrushia, likampata begani. Aligeuka kwa hasira, akaniona usoni, akakimbia. Mlingoti ulilala pale alipokuwa amesimama.

Chenso ilikuwa bado inabweka pale alipoitupa, na nyasi mbele ya ekzosi zimeanza kufuka. Nilizikanyaga huku miguu ikitetemeka.

"Mbona hukuniita?" aliuliza.

"Nimekuita mara nne."

Jumapili yake nililipeleka kisanduku kwa mchomeleaji, akaliziba tundu. Mjomba alijaribu mashine, akasema nimemrudishia ng'ombe mzee. Mwezi uliofuata nilikwenda chuo. Huko nilisoma kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu, muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 100 unabaki na dakika 15. Chenso inapita hapo hata ikiwa na ekzosi yake nzima. Kwa hiyo masikio yale yalianza kuharibika kabla yangu. Mimi niliyaongezea mwendo.

Likizo ya kwanza nilirudi na vifuniko vya masikio. Nilikuta tundu limefunguliwa tena, pana kuliko langu, na kando ya mashine yake ziko nyingine mbili za watu, ekzosi zimefunguliwa, zinasubiri drili.

"Huyu mpwa wangu ndiye aliyenifundisha," aliwaambia wenyewe, akinishika bega kwa fahari. Wakanipa mikono. Nilianza kuwaeleza kuhusu masikio. Mjomba alikuwa amekwisha kuwasha mashine, awaonyeshe.