Seva Yangu ya Gombani

Kabla ya 2010, mtu wa Pemba aliyetaka kompyuta yake iwake usiku kucha alilazimika kwanza kufikiria dizeli. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya Wesha, na kuzimika kwake tulikuzoea. Mwaka huo ukafika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, na wazo la kuweka seva nyumbani Gombani likaanza kunijia kwa dhati. Seva si lazima iwe mtambo mkubwa; ni kompyuta isiyolala, inayongoja kuombwa kitu ikitoe. Nilitaka picha za ukoo na sauti za maulidi ya mtaani zikae kwetu, na ndugu walioko Maskati wazifungue kutoka huko.

Mkonga wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umeshaanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, ila nyumbani tulitegemea modemu ya simu. Kupakua kuliwezekana, kupakia, ambako ndiko kazi yenyewe ya seva, kulisuasua. Ilipokuja 4G kasi ilipanda, lakini ruta ikanionyesha anwani inayoanza na 100, anwani ya ndani ya mtandao wa kampuni. Anwani za IP za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3, haziwatoshi walimwengu, hivyo wateja wengi hupangwa nyuma ya anwani moja. Ni kama sanduku la posta la skuli: barua za wanafunzi hutoka bila taabu, lakini inayoingia bila jina haijulikani apewe nani.

Nikakodi seva ndogo Ulaya, ile ya nyumbani ikawa inaifuata yenyewe kwa WireGuard, programu ya kuunganisha kompyuta mbili kwa njia ya siri, na wageni wakapitia huko. Ilifanya kazi. Lakini picha iliyopigwa Chake Chake ilizunguka Ulaya kabla ya kumfikia shangazi aliyeko Wete, na jambo hilo liliniuma.

Ndipo nikaanza na walio karibu. Kompyuta ya mezani ikaipisha Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotosheka na umeme mdogo wa betri ya sola. Kwa Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, nikaweka Wikipedia ya Kiswahili, na watoto wa jirani wakawa wanaisoma kwa Wi-Fi bila kununua bando. Mei 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika na intaneti ya Tanzania kudorora, wao waliendelea na masomo yao.

Bado nataka mlango wa nje. IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP, ina anwani za kumtosha kila mtu na kila kifaa chake. Kampuni zikitupa anwani hizo majumbani, bila kuzuia maombi yanayoingia, Mpemba ataweza kuitunza kazi yake kwao na kuwagawia wengine. Umeme tumeupata, kasi imepanda. Sasa tupewe anwani.