Riwaya ya Baada ya Maangamizi

Ujanani mwangu hapa Babati, riwaya za Ben Mtobwa zilipita mkono hadi mkono mpaka majalada yakang'oka. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alimbuni mpelelezi Joram Kiango, kisha akaanzisha kampuni ya Heko ili achapishe mwenyewe. Wahakiki waliziita kazi zake fasihi pendwa, na baadhi yao walilitamka jina hilo kwa dharau.

Mwaka 1991 Euphrase Kezilahabi alitoa Mzingile, riwaya ya ulimwengu uliokwisha kuangamia. Vyuo vikuu huichambua hadi leo, lakini sijawahi kumwona abiria akiisoma ndani ya basi.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe ya Mlima Hanang' yalifunika sehemu ya mji wa Katesh, humu humu mkoani Manyara, yakaua watu zaidi ya 80. Walionusurika wanayajua maisha ya baada ya maangamizi. Wanastahili riwaya inayoyasimulia, nao waimalize kwa usiku mmoja.

Wanafunzi wenye kipaji huniuliza kama kuandika hivyo kutawashushia hadhi. Nawajibu: andikeni, nasi wahadhiri tuna wajibu wa kuzifundisha.