Songea: safari ya wawili, msiba wa wengi

Ukiwauliza wapenzi wengi wa mjini wanakwenda wapi likizo, jibu unalijua: Zanzibar, Bagamoyo, wakijitahidi sana Lushoto. Mwezi huu nawapeleka mbali kidogo, Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Mimi na mwenzangu tulipanda basi alfajiri, tukapita Iringa, Makambako na Njombe, tukafika usiku miguu imevimba. Asubuhi tulipoiona milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma unaanzia, uchovu wote kwisha.

Kilichotupeleka ni Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge, palepale mjini. Ndani ya uwanja wake kuna kaburi la pamoja. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Kingoni, wakiwemo Nkosi Mputa Gama na manduna wake, wakawafukia shimo moja.

Kosa lao? Walikataa kutawaliwa. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, watu wa kusini walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi na viboko. Gavana von Götzen akajibu kwa moto: jeshi lake lilichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Risasi ziliua, njaa ikaua zaidi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, ana kaburi lake peke yake. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akasema anataka kufa kama wenzake. Akanyongwa siku chache baadaye. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Hapo mwenzangu alinishika mkono, hakusema kitu. Sisi ni watu tunaochangishana mpaka senti ya mwisho ili maiti ya ndugu ifike kwao izikwe. Sasa fikiria familia inayorithishana msiba uleule, kutoka kwa babu hadi kitukuu, zaidi ya miaka 100, kwa sababu mzee wao hakuzikwa mzima. Ukimwambia mtu wa ukoo huo kwamba ukoloni ulikwisha 1961, atakuuliza, "Kwa nani?"

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Ni jambo jema. Ila nyie mlio kwenye ndoa mnajua vizuri: "nisamehe" ni mlango tu. Kinachofuata ni kurudisha ulichochukua.

Jioni, tukila ugali na samaki wa Ziwa Nyasa, tuliongea mambo ambayo hatukuwahi kuyagusa tangu uchumba. Wazee wetu ni nani? Walizikwa wapi? Nani kwenye familia bado anajua? Hakuna ufukwe uliowahi kutufungua midomo namna hiyo.

Mkitaka kwenda, chagueni mwishoni mwa Februari, wakati wa kumbukumbu ya mashujaa. Vaeni kwa heshima, picha za mapozi ziacheni kwa ajili ya Mbamba Bay. Na kabla hamjaondoka, mpigieni simu bibi au babu aliyebaki. Muulizeni majina.